Maradhi ya kulimbikiza vitu: Namna ya kuachana na makorokoro bila kuvunja nyumba

Siku ya kuhama katika maskani ya wafugaji wa Kisomali haikuwa na nafasi ya makorokoro. Kina mama, ambao ndio wajenzi wa nyumba ile ya mviringo iitwayo aqal, ndio pia waliokuwa wabomoaji wake. Walikunja mikeka waliyoisuka kwa miezi mingi, wakang'oa fito zilizopindwa, wakavipanga vyote mgongoni mwa ngamia wa mizigo. Hapo ndipo hesabu ilipokamilika, kwa kuwa ngamia wa mizigo kwa kawaida hubeba kilo 150 hadi 200 hivi, na mtoto mchanga naye alihitaji pa kukaa. Chombo cha maziwa kilipanda. Upawa wa mbao na chetezo cha kufukizia ubani vilipanda. Kisichokuwa na kazi kiliachwa pale pale, kikaliwa na mchwa.

Hesabu hiyo sasa imeharibika kwa familia nyingi za Garissa, Wajir na Mandera, kaunti tatu zilizokuwa zikiitwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi serikali za ugatuzi zilipoanza kazi mwaka 2013. Ukame ulimaliza mifugo, na waliofilisika wakasogea pembezoni mwa miji. Ule wa kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, uliua zaidi ya mifugo milioni mbili katika maeneo kame ya Kenya. Anayehamia katika bulla za mji wa Garissa hujenga nyumba ya kudumu, ya mabati au ya mawe, nayo nyumba hiyo haipandi ngamia. Vitu huingia kutoka Soko Mugdi, kutoka kwa jamaa walioko Eastleigh, kutoka kwa mtoto aliyeko Minneapolis, lakini hapana siku ya kuhama ya kuvitoa.

Katika nyumba nyingi hilo ni jambo la kawaida tu, wala halihitaji daktari. Kuna watu wachache, hata hivyo, ambao kutoa kitu mlangoni kwao ni mateso ya kweli. Bangili iliyokatika, chupa tupu ya manukato, kifuniko kisicho na sufuria, saa iliyosimama, vyote hushikamana na nafsi yao kana kwamba ni viungo vya mwili. Hao ndio makala haya yanawahusu, pamoja na jamaa wanaoishi nao na ambao mara nyingi hawajui wakasirike au walie.

Maana ya maradhi haya

Kiswahili hutofautisha mambo ambayo lugha nyingine huyachanganya. Mlanguzi huhodhi sukari ghalani ili bei ipande. Huyo ana akili timamu na nia mbaya, na sheria ya Kiislamu imemkataza tangu zamani. Mkulima huweka akiba ya mbegu. Mkusanyaji wa sarafu za kale huzipanga, huzisafisha na hufurahi kumwonyesha mgeni. Mgonjwa tunayemzungumzia si mmoja wa hao. Yeye hulimbikiza bila mpango, huona haya kuonyesha, na hawezi kuacha hata anapotaka.

Kwa miaka mingi madaktari walilihesabu tatizo hili kuwa tawi la maradhi ya wasiwasi wa kupindukia, yale yanayomfanya mtu anawe mikono mara hamsini au arudie udhu hadi Swala impite. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliyatenga kuwa maradhi yanayojitegemea katika mwongozo wake wa Mei 2013. Shirika la Afya Duniani lilifuata katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022.

Dalili zinazoangaliwa ni chache. Kwanza, mtu hupata shida ya kudumu ya kuachana na vitu, viwe na thamani au visiwe nayo. Pili, akijaribu kuviacha hupatwa na dhiki kubwa. Tatu, vitu hivyo hujaa mahali pa kuishi hata pakashindwa kutumika kwa kazi yake: kitanda hakilaliki, meko hayapikiki, mlango haufunguki wote. Mwisho, hali hiyo iwe inamletea madhara yeye au walio karibu naye, na isiwe imeletwa na ugonjwa mwingine.

Katika jamii ya Kisomali ningeongeza swali moja ambalo halimo katika mwongozo wowote: Je, mgeni anaweza kuketi? Nyumba isiyoweza kumkaribisha mgeni kwa chai ya maziwa ni nyumba iliyo msibani. Mama aliyekuwa akisifiwa kwa ukarimu huanza kukutana na majirani nje ya ua, huku akishikilia mlango kwa mgongo. Aghalabu hiyo ndiyo dalili ya kwanza ambayo watoto huikumbuka baadaye.

Uchambuzi uliojumlisha tafiti kadhaa na kuchapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba watu wapatao 2.5 kwa kila 100 wana hali hii, ingawa tafiti zenyewe nyingi zilifanywa katika nchi tajiri. Wanaume na wanawake huathirika karibu sawa. Mara nyingi mwanzo wake ni ujanani, tangu umri wa miaka 11 hadi 15, lakini rundo huhitaji miaka ili lionekane. Kwa hiyo wanaofikishwa kwa daktari huwa wameshapita umri wa miaka 50. Katika ukoo, hali hii huonekana kwa zaidi ya mtu mmoja, na utafiti wa mapacha nchini Uingereza ulionyesha kwamba karibu nusu ya tofauti baina ya watu katika tabia hii hutokana na urithi wa damu.

Ndani ya kichwa cha mgonjwa tatizo kubwa ni uamuzi. Mtu mwingine huamua katika nukta moja kwamba kipande hiki ni taka. Mgonjwa hukiangalia akaona matumizi kumi, akaona siku aliyokipata, akaona sura ya aliyempa, na akahofia kosa lisilorekebishika. Watafiti waliopiga picha za ubongo mwaka 2012 waligundua kwamba maeneo yanayohusika na kupima umuhimu wa mambo huchangamka kupita kiasi mgonjwa anapoamua kuhusu kitu chake mwenyewe, ilhali hupoa anapoamua kuhusu kitu cha mtu mwingine. Hilo linaeleza jambo linalowashangaza watu: bibi anayeshindwa kutupa kikombe kilichopasuka huweza kuisafisha nyumba ya bintiye kwa saa moja.

Asiye mgonjwa asiitwe mgonjwa

Hapa pana haja ya tahadhari kubwa, kwani katika eneo hili kuhifadhi kitu ambacho mgeni kutoka Nairobi angekiona takataka ni busara iliyonunuliwa kwa gharama.

Chukua karatasi. Novemba 1989 serikali ilitangaza ukaguzi maalumu wa Wakenya wa asili ya Kisomali, na waliothibitisha uraia wao walipewa kadi za rangi ya waridi za kubeba pamoja na kitambulisho. Asiyekuwa na ushahidi alikuwa hatarini kufukuzwa katika nchi aliyozaliwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kijana wa Garissa aliyetaka kitambulisho alifikishwa mbele ya jopo la wazee na maafisa, akatakiwa kutoa stakabadhi za baba na babu. Isitoshe, makumi ya maelfu ya Wakenya waliojiandikisha kambini Dadaab nyakati za njaa ili wapate mgao wa chakula walijikuta baadaye alama zao za vidole zimo katika daftari la wakimbizi, wakanyimwa vitambulisho. Agizo la Rais William Ruto la kuondoa ukaguzi huo wa ziada lilitiwa saini Wajir Februari 2025. Mzee ambaye ana sanduku la bati lililojaa risiti za kodi ya mifugo, kadi za kliniki na barua za chifu za miaka ya sabini haumwi. Sanduku hilo ndilo uraia wake.

Hali kadhalika kambini. Dadaab ilianzishwa mwaka 1991 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Somalia, na mwaka 2011 kambi zake zilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Makopo ya mafuta ya kupikia ya msaada yalikunjuliwa yakapigiliwa yakawa milango na madirisha, na magunia ya unga yakashonwa yakawa kuta. Aliyekusanya makopo mia moja alikuwa akijenga nyumba. Hata mfugaji anayekataa kuuza ngamia kabla ya kiangazi, na ambaye wataalamu wengine humlaumu, anafuata hesabu yake: mifugo mingi ndiyo inayomwezesha kuanza upya wachache wanapobaki.

Tofauti basi iko wapi? Iko katika matumizi na katika dhiki. Makopo yaliyo mlangoni yanafunga mlango. Makopo yaliyo kitandani yamemfukuza mwenye kitanda, naye analala ukumbini huku akisema kesho atayapanga, na kesho hiyo ina miaka tisa.

Wengi hudhani kwamba umaskini wa utotoni ndio mzazi wa maradhi haya. Dhana hiyo inaonekana ya haki, lakini tafiti zilizoichunguza hazikupata uhusiano mkubwa kati ya kukosa vitu utotoni na kulimbikiza ukubwani. Uhusiano uliojitokeza ni wa misiba na vitisho: kufiwa ghafla, kushambuliwa, kupoteza makao. Kwa wengi rundo huongezeka kasi baada ya tukio la namna hiyo. Kaskazini Mashariki haikukosa matukio ya namna hiyo. Wagalla, Wajir, Februari 1984. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, ambapo watu 148 waliuawa. Mafuriko ya mto Tana ya Novemba 2023 na yale ya Aprili 2024 yaliyoingia majumbani. Haimaanishi kwamba kila aliyefiwa atalimbikiza. Inamaanisha kwamba anayeingia chumbani mwa mlimbikizaji na ufagio mkononi angefaa kuuliza kwanza kitu cha chini kabisa ya rundo kiliwekwa lini.

Madhara

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa ndugu wawili wa New York, Homer na Langley Collyer, waliojifungia katika nyumba yao ya Harlem. Homer, aliyekuwa kipofu, alipatikana amekufa Machi 21, 1947. Polisi walimtafuta Langley mjini kote, kisha Aprili 8 wakampata hatua chache tu kutoka alipofia nduguye, ameangukiwa na lundo. Nyumba hiyo ilitolewa vitu vya uzito wa zaidi ya tani 100.

Kwetu hatari huja kwa sura ya kwetu. Jiko la makaa karibu na magunia makavu ni moto unaosubiri. Marundo ya mbao na vitambaa huwa makao ya nge, na nyoka wa jamii ya kipiri wapatikanao nyanda hizi kame hupenda pembe zenye kivuli. Jambo lisilofikiriwa sana ni maji. Mji wa Mandera ulikumbwa na mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2011 na wa chikungunya mwaka 2016. Homa hizi zote mbili huenezwa na mbu aina ya Aedes, ambaye hutaga katika maji yaliyotuama ndani ya vyombo: mitungi, mapipa, matairi, hata kopo la maziwa ya unga. Uhaba wa maji hulazimu kila nyumba iwe na mitungi, na hilo halina lawama. Lakini mitungi sitini iliyopasuka, iliyorundikwa uani kwa sababu mwenyewe hawezi kuachana nayo, baada ya mvua moja huwa kitalu cha mbu cha mtaa mzima.

Kosa la kusafisha kwa nguvu

Mathalani, watoto wamekuja nyumbani kwa Idi. Mmoja anatoka Nairobi, mwingine ughaibuni, na wote wamefadhaika kwa hali ya nyumba ya nyanya yao. Wanapatana: nyanya apelekwe kwa jamaa Wajir siku tatu, lori liitwe, nyumba ifagiliwe. Wanafanya hivyo kwa mapenzi. Nyanya akirudi anakuta ukumbi mweupe na zulia jipya, naye anaketi chini na kulia kama aliyefiwa.

Wataalamu wamekuwa wakirudia kwa miaka mingi kwamba usafishaji wa siri au wa nguvu karibu kila mara hushindwa. Rundo hurudi, mara nyingine kubwa kuliko la awali, kwa sababu kilichoondolewa ni vitu na si maradhi. Kilichopotea ni imani. Nyanya huyo hatamfungulia mlango mtu yeyote tena, awe mjukuu au muuguzi. Isipokuwa pana hatari ya moto, ya kuporomokewa au ya mtoto mchanga, hapana ruhusa ya kugusa kitu bila idhini ya mwenyewe. Hata hapo, hatari ndiyo huondolewa kwanza: njia ya kutokea, eneo la jiko, kitanda. Mengine yangoje.

Maneno nayo yana uzito. "Ayeeyo, takataka hizi za nini?" ni swali linalofunga mlango. "Ayeeyo, hiki ulikipata wapi?" ni swali linaloufungua, ingawa jibu lake huenda likachukua asubuhi nzima. Anayetaka kusaidia na awe na asubuhi hizo.

Tiba na kazi ya kuachilia

Tiba iliyojaribiwa zaidi ni ile ya mazungumzo inayolenga fikra na mazoea, iliyotungwa mahususi kwa maradhi haya na wataalamu wa Marekani Randy Frost na Gail Steketee. Kwa utaratibu wao wa kawaida mgonjwa hukutana na mtaalamu mara 26 hivi, baadhi ya vikao vikifanyika nyumbani penye rundo lenyewe. Pia yako makundi ya watu wenye tatizo hili wanaoongozana wenyewe bila daktari, kwa kufuata kitabu, nayo matokeo yake yamekuwa mazuri kiasi. Hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa ajili ya maradhi haya peke yake. Dawa hutolewa pale panapoandamana sonona au hofu, na wagonjwa wa aina hiyo ni wengi. Tusidanganyane kuhusu matarajio: wengi hupata nafuu ya kuonekana, lakini wachache ndio hupona kabisa.

Vitu hutenganishwa katika mafungu machache, yasizidi matatu au manne: vya kubaki, vya kutoa, vya kutupa. Kitu kikishashikwa huamuliwa pale pale, hakirudishwi katika rundo "kwa muda". Kazi huanzia kwa visivyo na historia, kama vile magazeti, mifuko na chupa, na huanzia mahali pamoja padogo panapoonekana, mathalani nyuma ya mlango. Vitu vya kumbukumbu huwekwa mwisho kabisa. Aliyeanza na bangili za mama yake marehemu hatafika kwenye chupa.

Vikorokoro vya kumbukumbu ndivyo vigumu kuliko vyote, wala ukubwa si hoja. Sufuria kumi zilizotoboka zinaweza kuondoka kwa siku moja, lakini kijiwe kilichookotwa na mtoto aliyekufa kikashikiliwa kwa miezi. Mbinu zinazofaa hapa si za kumdanganya mtu. Moja ni kuchagua mwakilishi: katika mitandio ishirini ya marehemu, mmoja ubaki, ule uliovaliwa zaidi, nao ufuliwe na kuvaliwa badala ya kuozea guniani. Nyingine ni kupiga picha kitu kabla hakijaondoka, na simu za siku hizi zimerahisisha jambo hili hata Liboi. Nyingine ni kusimulia: mgonjwa aeleze habari ya kitu hicho mbele ya wajukuu, mmoja arekodi, ndipo kiachiliwe. Jamii ya Kisomali imehifadhi nasaba za vizazi vingi na mashairi marefu kwa kumbukumbu ya kichwa, bila kabati. Si jamii inayohitaji kufundishwa kwamba habari huweza kuishi nje ya kitu.

Dhiki ya kuachilia hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Mgonjwa haamini hivyo mpaka aone. Kwa hiyo mshauri mwema humwomba akadirie kabla ya kutoa kitu: utaumia kiasi gani kati ya sifuri na kumi? Aulizwe tena baada ya saa moja, na kesho yake. Nambari zinazoshuka humfundisha kuliko nasaha.

Mambo matatu ambayo vitabu vya Magharibi haviyagusi hujitokeza katika nyumba za Kiislamu. La kwanza ni karatasi zenye aya. Mgonjwa mcha Mungu huogopa kutupa karatasi yoyote iliyoandikwa Kiarabu, hata tangazo la duka la simu, asije akalidhalilisha jina la Mola. Hofu hiyo isibezwe. Wanazuoni wameruhusu kurasa chakavu za Msahafu zizikwe mahali safi pasipokanyagwa, au zichomwe kwa heshima, kama zilivyochomwa nakala zilizotofautiana katika enzi ya Khalifa Uthman. Mwalimu wa dugsi akialikwa na kukaa saa mbili akitenga zenye aya na zisizo nazo, mzigo wa miaka huweza kutua. Naye huyo mwalimu asiachiwe kazi peke yake, kwani aliyezoea kusoma ruqya huenda akaona jini pale penye maradhi. Jamaa na wamshirikishe yeye na muuguzi pamoja.

La pili ni sadaka. Dini huhimiza kutoa, tena kutoa katika vile unavyovipenda, na kwa wagonjwa wengi huo ndio mlango rahisi: kitu hakitupwi, kinapata mwenyewe mpya. Hata hivyo kuna mtego. Kuweka vitu kwa ajili ya watu wengine ni kisingizio kikongwe cha maradhi haya: viatu hivi ni vya yatima, chupa hizi ni za harusi ya jirani, na yatima amekua ameoa. Sadaka basi iwe na jina, siku na mbebaji. Fungu la kutoa liondoke nyumbani kabla ya jua kutua, likishindikana lihesabiwe kuwa halijatolewa. Aidha, kilichovunjika hakigeuki sadaka kwa sababu tu mwenyewe hawezi kukitupa. Maskini si jaa.

La tatu ni mirathi. Mjane anayetunza chumba cha mumewe kama kilivyokuwa, na koti lake msumarini, anaweza kuwa anatunza mali isiyo yake peke yake. Katika sheria ya Kiislamu warithi wote wana fungu katika alivyoacha marehemu, tangu ngamia hadi kijiko. Mahakama za Kadhi, zinazotambuliwa na kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, husikiza masuala ya urithi kwa Waislamu wanaokubali kufika mbele yake. Nimeona kwamba kwa baadhi ya watu mgawo rasmi huondoa mzigo ambao ushauri wa miezi haukuuondoa: uamuzi haumo tena mikononi mwao, na koti likienda kwa mwana mkubwa halijatupwa, limerithiwa.

Pa kuanzia

Katika lugha ya kawaida ya Kisomali neno linalowajia watu upesi ni waali, yaani wazimu, na hakuna mama anayetaka jina hilo lifike mtaani. Kambini Dadaab watu wenyewe walibuni matumizi mapya ya neno buufis kwa ile hamu inayokula moyo ya kuhamishiwa nchi za mbali, jambo linaloonyesha kwamba jamii huweza kupata msamiati wa maumivu ya nafsi usio wa matusi. Ugonjwa huu nao unahitaji jina la kusemeka. Nimesikia ukitajwa kwa upole kuwa "uzito wa mkono", mkono usioachilia, na sioni kosa.

Madaktari wa akili nchini ni wachache na wengi wao wako Nairobi, safari ya kilomita 370 hivi kutoka Garissa na karibu 1,000 kutoka Mandera. Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910, imebaki kuwa kituo kikuu cha rufaa. Jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili lilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali hiyo itangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 ikazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na wananchi. Kwa hiyo pa kuanzia ni hospitali ya kaunti au ya kaunti ndogo, kwa muuguzi wa afya ya akili au mshauri nasaha. Jamaa na wapeleke picha ya chumba. Picha moja hueleza kuliko mgonjwa mwenye haya.

Tabia ikianza ghafla uzeeni kwa mtu aliyekuwa nadhifu maisha yake yote, asingojewe. Huenda ni dalili ya ugonjwa wa kusahau, ya kiharusi kidogo kilichopita bila kutambuliwa, au ya sonona, na kila kimoja kina tiba yake.

Nusu iliyobaki ya kazi iko nje ya nyumba, nayo husahauliwa na wanaodhani kwamba lori likishaondoka mambo yamekwisha. Wengi wa wagonjwa hawa huleta vitu kila siku: hununua vya bei rahisi, huokota, hupokea bure. Zoezi la kuzuia ni la kawaida kabisa. Mgonjwa huenda Soko Mugdi na binti yake bila kibeti, hupita mbele ya meza za shanga, bangili za plastiki na vikombe vya mitumba, hushika anachokipenda, hukirudisha, na hurudi nyumbani mikono mitupu. Mara ya kwanza huenda akageuka njiani. Wiki inayofuata huenda tena, wafike meza moja mbele zaidi.